Dakika 40: shajara ya kuandika riwaya ya mama na mtoto aliyepotea

Januari 14

Leo nimeanza rasmi na hii shajara naifungua siku hiyo hiyo, ili baadae nisije nikajidanganya kwamba ilikuwa rahisi. Wazo lenyewe ni dogo sana. Mama yuko nyumbani na watoto wawili, mkubwa ana miaka saba mdogo ana minne, ni mchana, mama hajalala vizuri siku tatu, anajilaza kidogo tu kwenye kochi, na akiamka yule mdogo hayupo. Basi. Riwaya nzima inatoka hapo.

Inatoka pia kwenye dakika 11 za maisha yangu. Mwanangu wa pili alishawahi kunipotea sehemu yenye watu wengi, nilimwachia mkono nitafute kitu kwenye pochi na kugeuka hayupo. Alipatikana mzima, alikuwa amekaa chini nyuma ya nguzo anafungua na kufunga kiatu chake. Lakini nilichokiwaza zile dakika 11 sijawahi kumwambia mtu yeyote, maana wazo la kwanza kabisa lililonijia halikuwa "mwanangu yuko wapi", lilikuwa "nitawaambia nini watu". Ndo hilo nataka kuliandika, hayo mengine ya polisi na kutafutwa ni njia tu ya kulifikia.

Januari 28

Sura tatu, maneno kama 7,400 hivi. Na nimeshafuta sura moja nzima.

Niliyoifuta ilikuwa na mtu mgeni kwenye gari jeusi anayezunguka mtaani. Nilipoisoma tena nikaona haina ukweli wowote, ni picha tu iliyonikaa kichwani. Nikaenda kusoma utafiti mkubwa wa serikali ya Marekani kuhusu watoto wanaopotea, ule uliokadiria hali ya mwaka 1999. Watoto waliochukuliwa na mtu wa familia walikadiriwa kuwa zaidi ya 200,000, wakati utekaji ule wa kwenye sinema, yaani mgeni anamchukua mtoto akae nae au amdhuru au adai hela, ulikadiriwa kuwa 115 kwa nchi nzima. 115 ni wengi sana kama mmoja wao ni wako, hilo silidharau hata kidogo. Ila kama mwandishi limenifundisha kitu: mtu wa kuogopwa kwenye hii hadithi ni yule ambaye mtoto angemfuata bila kulia.

Kwahiyo gari jeusi limeondoka. Wamebaki watu sita ambao mtoto anawajua kwa sauti.

Februari 19

Hii ndo wiki niliyoipata riwaya yenyewe, naandika kwa kirefu nisisahau.

Tatizo nililokuwa nalo ni kwamba mama yangu (wa kwenye riwaya) alikuwa anajilaumu tu. Analia, anajilaumu, anaangalia nguo za mtoto, anajilaumu tena. Kurasa arobaini za mtu anayejilaumu hazina taharuki yoyote hata kama kila sentensi inauma, maana majuto yake hayafanyi kitu, yamekaa tu pale kama fenicha. Nikajiuliza, vipi kama majuto yenyewe ndo yanaharibu mambo? Nikarudi kwenye lile wazo langu la "nitawaambia nini watu", nikaona jibu lilikuwepo siku zote. Anadanganya.

Anadanganya kitu kidogo mno. Mama alimwona mtoto mara ya mwisho saa nane kasoro dakika kumi, akajilaza, akaamka saa nane na nusu. Jirani wa kwanza anapoingia anamuuliza "lini umemwona?" na yeye kwa aibu ya kulala mchana na watoto wapo macho anasema sasa hivi tu, nilikuwa nafua, dakika kumi hazijapita. Ameshasema. Polisi akija anauliza mbele ya yule yule jirani, hawezi kubadilisha.

Sasa nilichukua karatasi na kalamu nikapiga hesabu. Wanaotafuta mtu aliyepotea wanaanza na mambo mawili, mahali alipoonekana mara ya mwisho na muda uliopita tangu hapo, halafu wanachora duara. Tukisema mtoto wa miaka minne anatembea kilomita tatu kwa saa bila kusimama, dakika kumi ni nusu kilomita, dakika 40 ni kilomita mbili. Ukiangalia umbali unaona ni mara nne tu, ila eneo la kutafuta halikui hivo, nusu kilomita kila upande ni chini kidogo ya kilomita moja ya mraba na kilomita mbili kila upande ni karibu kilomita 12.6 za mraba. Mara 16! Nilikaa naliangalia hilo karatasi muda mrefu. Mama amesema uongo wa nusu saa kwa sababu ya aibu na watu hamsini wenye tochi wanatembea ndani ya duara ambalo ni moja ya kumi na sita ya lile wanalotakiwa kutafuta, na yeye anatembea nao, anaita jina la mtoto pamoja nao, na anajua.

Hapo ndo nilipojua hii riwaya inaitwa Dakika 40.

Machi 2

Nimekuwa naitumia "hatia" kila mahali na leo nimeifuta karibu yote. Hatia ni ya mahakamani, mtu anakutwa nayo, kuna mwenye mamlaka anaitamka. Lawama ni ya watu, wanakutupia. Majuto ni yako peke yako hata kama dunia nzima imekusamehe. Mama anazo zote tatu na kila moja inamjia kwa mlango wake, nikizichanganya kwenye neno moja naharibu. Kwahiyo sasa nina utaratibu: sura 1 mpaka 10 ni majuto, 11 mpaka 20 lawama, na hatia inaingia polisi wanapoanza kumwangalia kwa jicho lingine.

Kuhusu hilo jicho lingine. Nimesoma upya habari ya Lindy Chamberlain wa Australia, nadhani kila anayeandika kuhusu mama na mtoto aliyepotea anatakiwa kuijua. Agosti 1980 familia ilikuwa imepiga kambi karibu na Uluru, mtoto wao mchanga Azaria, wiki tisa tu, akachukuliwa kwenye hema, mama akasema ni dingo, mbwa mwitu wa kule. Watu hawakumwamini. Kwenye televisheni alionekana mkavu, halii wanavyotaka, na hiyo ikawa kama ushahidi. Oktoba 1982 akahukumiwa kifungo cha maisha kwa kumuua mwanae. Kilichosemekana ni damu ya mtoto kwenye gari kilikuja kuonekana sehemu kubwa ni dawa tu ya kuzuia kelele inayopuliziwa magari kiwandani. Mwaka 1986 kikapatikana kikoti cha mtoto karibu na mapango ya dingo, akaachiwa, hukumu ikafutwa 1988, na ilibidi ifike 2012 ndo mchunguzi wa vifo aseme rasmi kwamba dingo ndo alimchukua. Miaka 32.

Kisa chake sikiingizi kwenye riwaya, ni cha kwake na cha mtoto wake. Ninachochukua ni swali: uso wa mama aliyepotelewa na mtoto unatakiwa uweje, na nani kasema? Wangu nimemfanya alie sana siku ya kwanza, kwa sababu ya ule uongo, na siku ya tatu machozi yameisha na hapo ndo wanaanza kumtilia shaka. Msomaji anajua kwamba alipokuwa analia ndo alikuwa anaficha kitu, na sasa amekauka kwa sababu hana nguvu ya kuficha tena. Watu wamemsoma kinyume.

Machi 23

Sijaandika wiki mbili. Mtoto alikuwa anaumwa, wangu wa kweli, na sikuweza kukaa usiku kuandika kuhusu kitanda kitupu huku nasikiliza pumzi zake. Amepona. Naendelea.

Aprili 12

Maneno 38,000. Kaka mtu amenichukua mwezi mzima.

Yule wa miaka saba ndo shahidi pekee, alikuwepo nyumbani, alikuwa macho. Mwanzoni nilimfanya anajua kitu na anakificha, na ikawa rahisi mno, kila mtu ameshasoma mtoto wa aina hiyo. Nikamfanya asiwe anaficha, awe kweli hajui tena anachokumbuka. Elizabeth Loftus, mtafiti wa kumbukumbu za watu, na mwenzie Pickrell walichapisha mwaka 1995 jaribio ambalo linagusa kabisa habari hii: watu 24 walipewa visa vya utotoni mwao, vitatu vya kweli kutoka kwa ndugu zao na kimoja cha uongo cha kupotea kwenye jengo la maduka, na 6 kati yao wakaja kusema wanakikumbuka hicho cha uongo, chote au sehemu. Hao ni watu wazima waliokaa wametulia. Sasa mchukue mtoto wa miaka saba, usiku, nyumba imejaa watu, kila mtu mzima anayepita anachuchumaa mbele yake na kumuuliza "alikuwa na nani? alikuwa amevaa nini? si alikuwa na shati la bluu?"

Kwahiyo nimeandika mahojiano yake mara tano ndani ya kitabu. Mara ya kwanza anasema "sijaona mtu". Mara ya tano kuna mtu, ana shati la bluu, ana mfuko, amecheka. Hakuna hata mara moja amedanganya. Na aliyeanza kutaja shati la bluu, ukirudi nyuma kurasa sitini, ni mama yake mwenyewe, aliyekuwa anataka sana awepo mtu wa kulaumiwa. Niliipenda hii kiasi kwamba siku hiyo sikuweza kulala.

Mei 6

Nimewapa watu wanne rasimu ya kwanza nusu. Mmoja ameniambia kitu kilichonichoma na ana haki: baba yuko wapi? Nikamjibu yupo, ameingia sura ya pili, alikuwa kazini. Akasema sijaulizia hicho, nauliza mbona hakuna anayemuuliza. Nikarudi kusoma. Kweli polisi wangu anaandika muda wa mama dakika kwa dakika, na wa baba ameandika neno moja, "kazini". Mimi niliyeandika sikuona. Sikurekebisha hilo neno ila nimeongeza ukurasa ambapo mama anapata kuliona lile daftari na anaona mistari yake kumi na nne na ule mmoja wa mumewe, na hasemi kitu.

Mwingine akauliza mbona polisi hawajasema wasubiri masaa 24. Nilikuwa nimeiweka na nikaitoa, maana hiyo imani ni hatari, watu wanaichukua kwenye hadithi kama hizi halafu wanakaa kusubiri mtoto wao kapotea kweli. Marekani sheria ya mwaka 1990 inakataza polisi kuweka muda wa kusubiri kabla ya kupokea taarifa ya mtoto aliyepotea. Masaa ya mwanzo ndo ya maana kuliko yote, na sitaki kitabu changu kimfundishe mzazi kukaa. Aliyechelewa kwangu ni mama, polisi amekuja ndani ya dakika ishirini.

La tatu ni ugomvi kuhusu ile siri ya mama. Wawili walitaka dakika 40 zifichuliwe mwishoni kabisa, iwe mshangao. Nilifikiria siku nne na nimekataa. Nikificha mpaka mwisho msomaji anashtuka mara moja, ukurasa mmoja, halafu anamchukia mama kwa kumdanganya na yeye. Akijua kuanzia sura ya pili basi kila tochi, kila swali la polisi, kila "tulishapita huku hayupo" inamkaba. Taharuki ninayoitaka ni hiyo ya mtu anayetaka kupiga kelele ndani ya kitabu, sema, sema sasa hivi, bado kuna mwanga.

Juni 8

Hii nimeigundua wakati wa kuhariri na nadhani ndo kitu kizuri kuliko vyote nilivyofanya mwaka huu.

Nilikuwa napitia maongezi nikaona watu wa kwenye hadithi wanasema "hakupatikana" na mama anasema "hajapatikana". Sikuwa nimepanga. Ni herufi mbili, lakini ile -ja- ina mlango wazi, hajapatikana maana yake atapatikana, bado tu. Hakupatikana ni mtu ameshakunja mkeka. Nikaamua kuitumia kwa makusudi: naonyesha matumaini ya kila mhusika kwa kitenzi tu bila kusema "alikata tamaa". Bibi wa mtoto anasema hajapatikana mpaka sura ya 21, siku inayofuata kwenye simu anasema hakupatikana, na mama anasikia kutoka chumba cha pili. Hakuna maelezo zaidi ya hapo.

Kutoka hapo nikafika kwenye yuko, yupo na yumo. Mtoto aliyepotea "yuko" mahali fulani, hatujui. Mama kwa ukaidi anasema "yupo", kama vile anaiona sehemu yenyewe. Na sura ya 14 kuna mtu anakuja kumpa pole, anamshika mkono, anamwambia "jikaze, mtoto yumo tu". Yumo. Ndani ya nini? Mama amechoka, hasikii. Msomaji nae naomba asisikie. Sura ya 27 mama anaamka usiku na lile neno mdomoni.

Kazi iliyofuata ilikuwa ngumu maana kwenye kuongea kawaida tunayachanganya hayo maneno, na kama wahusika wangu wote wanayachanganya basi lile moja halina uzito. Ilibidi nipitie mswada mzima, sehemu 38 nimezikuta, nikamfanya yule mtu awe ni mtu anayeyatumia sawasawa kila mara, mwangalifu wa lugha, hata anawasahihisha watoto. Nimeiandika siri hapa najua, ila sijasema ni nani na sitasema.

Kuna zawadi nyingine ya lugha. Anayepiga simu usiku bila kujitambulisha, naandika "alisema", "akakata", "anapumua", na msomaji hajui ni mwanamke au mwanaume kwa sura nane. Sijaficha chochote, lugha yenyewe haidai kusema. Wawili kati ya wasomaji wangu walikuwa wameshaamua ni mwanaume na walibishana nami kwamba niliandika.

Julai 15

Nimefuta methali. Majirani wangu walikuwa wanasema "uchungu wa mwana aujuaye mzazi" na "majuto ni mjukuu", na moja mbaya zaidi, "kuzaa si kazi, kazi kulea", aliyoambiwa mama akiwa amesimama mlangoni. Hiyo ya mwisho nimeibakiza maana ni silaha, mtu kaisema ili iumize. Zile nyingine zilikuwa zinamfunga msomaji mdomo, ukishasema methali maongezi yameisha na mimi nataka yasiishe.

Pia nimebadilisha sehemu ya wiki ya tatu kwenye hadithi. Pauline Boss, mtafiti wa Marekani aliyeanza na familia za wanajeshi waliopotea vita vya Vietnam, alielezea aina ya msiba ambao hauna uhakika, mtu hayupo kwa mwili ila yupo kwa moyo, na familia inaganda katikati maana haiwezi kuzika wala kuendelea. Nilikuwa nimeandika familia inayoomboleza, sasa nimeandika familia iliyoganda. Wanagombana kuhusu mswaki, kama uachwe kwenye kikombe au utolewe. Sura nzima, mswaki tu. Ni sura fupi kuliko zote na ndo nilitoa machozi nikiandika.

Agosti 30

Rasimu ya tatu imeisha jana usiku, sura 33, maneno 83,000 na kidogo. Mama anasema ukweli kuhusu dakika 40 sura ya 19, katikati kabisa, mbele ya ramani, na duara linachorwa upya, na siandiki hapa limegusa nini.

Nilikuwa nimekwama sura ya 31. Bibi wa mtoto anapata kujua binti yake alidanganya na sikujua amjibu nini. Nilimwandikia hasira, haikufaa, nikamwandikia msamaha, ukawa wa kitabuni sana. Juzi nikampigia simu mama yangu kwa jambo lingine kabisa na katikati nikajikuta namwambia zile dakika 11, na lile wazo la kwanza, lile la "nitawaambia nini watu". Nilikuwa nimesimama jikoni na mikono imelowa.

Akanyamaza muda mrefu nikadhani simu imekata. Kisha akasema, "Mwanangu, yako ni dakika 11. Yangu ilikuwa jioni nzima, wewe ulikuwa na miaka mitatu." Nikamuuliza ilikuwaje. Akasema siku nyingine.

Nimerudi sura ya 31 nimefuta kurasa nne za bibi na nimembakizia hilo jibu moja tu, siku nyingine.

Kesho naanza kusoma yote kwa sauti kuanzia sura ya kwanza.